Jino Lililoikosoa Pembe

Mwaka 1928 mwanajiolojia Mjerumani Hans Reck alichapisha maelezo ya mnyama mkubwa aliyepatikana katika Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania ya leo, akampa jina Pelorovis oldowayensis. Jina hilo la kwanza limeundwa kwa Kigiriki na Kilatini, na maana yake ni kondoo wa kutisha. Kutisha alitisha kweli. Mfupa wa ndani wa kila pembe ulikaribia urefu wa mita moja, ukitoka nyuma ya kichwa, ukaenda pembeni na kujikunja kwa upinde mpana, na mwili uliobeba kichwa hicho ulikuwa wa nyati mkubwa au kumzidi. Lenye matatizo ni hilo neno kondoo.

Ilichukua karibu miaka arobaini kulisahihisha. Hakuna aliyevumbua mashine mpya, wala aliyemkuta mnyama mzima amehifadhika na manyoya yake. Watu walikaa mezani na mifupa, wakageuza meno mkononi, wakapima, wakaandika, wakarudia kupima. Katika kazi zote za sayansi sijui nyingine inayodai subira kama hii na kulipwa sifa kidogo hivi: kumtafutia ukoo mnyama ambaye hakuna binadamu aliye hai amewahi kumwona.

Tumtendee haki Reck kwanza. Alikuwa mtaalamu wa volkano, na ndiye aliyeongoza msafara wa mwaka 1913 kutoka Berlin kwenda Olduvai, baada ya daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, kupita hapo mwaka 1911 na kurudi na mifupa. Aliyapanga matabaka ya korongo kwa namba, na matabaka ya chini yanaitwa kwa namba hizo mpaka leo. Mtu aliyeweza kusoma ukuta wa miamba wenye urefu wa makumi ya mita hakuwa mzembe. Alichokiona mbele yake ni pembe zilizoanzia karibu na kisogo, zikatoka nje, zikajipinda kuelekea nyuma. Mwenye kumjua kondoo dume wa milimani hawezi kumlaumu sana. Aliifuata ishara iliyokuwa kubwa kuliko zote, na katika kazi hii ishara kubwa ndiyo inayopaswa kuhojiwa mwanzo.

Pembe ya mnyama wa familia ya Bovidae, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo, nyati na swala wa kila namna, ina sehemu mbili. Ndani kuna kiini cha mfupa kilichoota kutoka kwenye fuvu. Nje kuna ala, iliyotengenezwa kwa kitu kilekile kinachofanya kucha na kwato. Ala huoza, kiini hubaki. Kwa hiyo pembe ya kisukuku ni nusu ya pembe: ncha halisi haipo, urefu kamili haupo, na mapindo ya mwisho hukisiwa. Juu ya hayo, pembe huendelea kukua, hutofautiana kati ya dume na jike, na hutofautiana kupita kiasi hata ndani ya spishi moja. Nenda Ankole, magharibi mwa Uganda, utazame ng'ombe wa huko, halafu umweke kando yake zebu wa pembe fupi wa Singida au Ukambani. Pembe za yule wa kwanza zinaweza kuwa nene kama paja la mtu na kupanda juu kuliko kichwa cha mchungaji. Za wa pili hazijai mkono. Wanazaliana bila shida yoyote. Mtu ambaye angekuta viini vya pembe zao tu, vimefukiwa kwenye udongo wa kale, angekuwa na kila sababu ya kuandika spishi mbili, na pengine jenasi mbili.

Jino lina tabia nyingine. Likishaumbika halikui tena, linalika tu. Limevikwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na kwa sababu hiyo hupatikana hata pale ambapo mifupa mingine yote imekuwa vumbi. Na umbo lake hushuka kutoka kwa mababu kwa uaminifu zaidi kuliko pembe, ambayo dume huitumia kupigana na kujionyesha na kwa hiyo hubadilika haraka.

Jambo hili si la maabara tu, msomaji anaweza kulihakiki mwenyewe. Chukua taya la chini la ng'ombe, lile linalobaki baada ya supu ya kichwa, ukalisafishe vizuri. Magego yako nyuma. Tazama moja kwa upande wa nje, ule uliokuwa umeelekea shavu. Limegawanyika mbele na nyuma, kila sehemu imetuna kwa nje, na kati yao kuna mfereji unaoteremka mpaka kwenye ufizi. Ndani ya mfereji huo kumesimama kiguzo kimoja chembamba, kimeshikana na jino upande mmoja, kinapanda kuelekea juu. Sasa tazama uso wa kutafunia. Enameli, kwa kuwa ni ngumu, imesimama juu kidogo ya kilichomo ndani yake na kuchora hilali, mbili mbele na mbili nyuma. Kama ng'ombe alikuwa na umri wa kutosha na jino limelika mpaka kukifikia kiguzo, utaona pia kiduara kidogo cha enameli pembeni, kimejitenga au kimeungana na hilali. Hicho ndicho kiguzo kimekatwa na miaka ya kutafuna. Kwenye magego ya juu kiguzo kiko upande wa pili, upande wa ulimi.

Fanya hivyohivyo kwa taya la kondoo mzima. Mfereji upo, kiguzo hakipo.

Kwa maneno machache hiyo ndiyo hoja iliyomtoa Pelorovis kwenye zizi la kondoo, ingawa kuisema hivi ni kuidhulumu, kwa sababu fundi wa kazi hii haishii hapo. Atauliza kwanza kama jino ni la kudumu au la utotoni, maana meno ya utotoni ya mbuzi na kondoo wakati mwingine huwa na viguzo, na mwanafunzi asiyelijua hilo anaweza kumzaa ng'ombe kutoka kwa ndama wa mbuzi. Atauliza jino limelika kiasi gani, kwa kuwa kiguzo kifupi huonekana tu jino likishateremka, na jino lililolika kupita kiasi hupoteza alama karibu zote. Kisha ataleta swali baya zaidi: kuna nani mwingine mwenye kiguzo? Kuro anacho, tena kizuri. Palahala anacho. Kwa hiyo kiguzo kinamtoa kondoo tu, hakimthibitishi ng'ombe. Ili kumfikia ng'ombe lazima uongeze ukubwa wa jino, urefu wa taji lake, wingi wa mikunjo ya enameli katikati, upana wa fuvu, matundu ya hewa yaliyoingia kwenye mifupa ya paji na ndani ya viini vya pembe, na mifupa ya miguu. Alama moja hupinga au hukubali. Ukoo hutolewa na alama nyingi zikielekea upande mmoja.

Aliyeifanya kazi hiyo kikamilifu kwa Pelorovis ni Alan Gentry, katika taarifa yake ya mwaka 1967 iliyochapishwa na Makumbusho ya Uingereza, idara ya historia ya viumbe. Gentry alikuwa na faida ambayo Reck hakuwa nayo. Louis na Mary Leakey walikuwa wamechimba Olduvai kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1950, kwenye mahali panapoitwa BK, walikuta mifupa ya wanyama hawa zaidi ya ishirini wakiwa wamefukiwa katika udongo wa mfinyanzi wa mkondo wa kale. Herufi hizo mbili ni kifupi cha Bell's Korongo. Vituo vingi vya Olduvai vimebeba neno letu hilo kwenye vitabu vya dunia nzima, DK, FLK, SHK, na K hiyo ni korongo kila mara, ila wasomaji wengi wa ng'ambo hawalijui.

Kundi la BK lilileta kitu ambacho kichwa kimoja hakiwezi kuleta, nacho ni wingi. Ukiwa na mnyama mmoja hujui kama jambo unaloliona ni la spishi au la yule mmoja: uzee wake, ugonjwa wake, udume wake. Ukiwa nao ishirini unaanza kuona kipi kinabadilika kati yao na kipi hakibadiliki, na kile kisichobadilika ndicho kinachofaa kuandikwa. Jibu la Gentry lilikuwa wazi. Mnyama yumo katika Bovini, kundi la ng'ombe, nyati na bison. Ukondoo ulikuwa wa pembe tu. Miaka ya karibuni watafiti waliorudi BK wamekuta kwenye mifupa ya Pelorovis alama za kukatwa kwa mawe, yaani binadamu wa kale walimla. Wao, bila shaka, hawakuhangaika na jina.

Nimewahi kutazama kazi hii ikifanyika, nikashangaa jinsi isivyo na mbwembwe. Droo inavutwa. Ndani kuna vipande vimelazwa kwenye sifongo, kila kimoja na namba iliyoandikwa kwa wino juu ya mfupa wenyewe, herufi ndogo kiasi cha kutumia kioo cha kukuzia. Mtaalamu hachukui kisukuku peke yake. Huchukua kisukuku kwa mkono mmoja na mfupa wa mnyama wa leo kwa mwingine, kisha huvigeuza pamoja, upande uleule, mwanga uleule. Halafu anaweka chini wa nyati, anachukua wa pofu. Anaweka chini wa pofu, anachukua wa nyumbu. Hasemi kitu kwa muda mrefu. Kalipa inafunguliwa, namba inaandikwa, kalipa inafungwa, na baada ya hapo kipimo kilekile kinachukuliwa upya kana kwamba cha kwanza hakikuwapo. Ndiyo maana makusanyo ya mifupa ya wanyama wa kawaida, kama yale ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Nairobi, yana thamani ambayo mgeni hawezi kuielewa akiona kabati limejaa mafuvu ya swala. Kisukuku cha thamani kubwa bila kabati hilo hakina cha kulinganishwa nacho.

Na kabla ya droo kuna jicho. Kamoya Kimeu, aliyeongoza watafutaji wa visukuku wa Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, alisifika kwa kutambua kipande cha mfupa kati ya maelfu ya vijiwe vya rangi ileile huku akitembea juani. Vitu vilivyookotwa Koobi Fora ndivyo vilivyomwezesha John Harris, mwaka 1991, kumtaja ndugu wa kale zaidi wa mnyama wetu, Pelorovis turkanensis. Taarifa za kisayansi hubeba jina la aliyeandika. Aliyeinama kuokota mara nyingi hutajwa kwenye shukrani, na naona hiyo ni kasoro ya desturi ya kazi hii, kwa sababu kuona ni sehemu ya kuainisha.

Mpaka hapo hadithi ingeweza kuisha vizuri, kondoo amekuwa ng'ombe, kila mtu ameridhika. Lakini kulikuwa na mnyama mwingine kwenye boma.

Mwaka 1851 Mfaransa Georges Duvernoy alikuwa ameeleza nyati wa kale kutoka Algeria na kumwita Bubalus antiquus, akimweka pamoja na nyati wa maji wa Asia. Huyu naye alikuwa na pembe za ajabu, ndefu, zilizotanuka kwenda pembeni na kurudi ndani. Michoro ya kale iliyochongwa kwenye miamba ya Atlas ya Sahara inamwonyesha, pembe zake na pete zinazozizunguka, kwa mkono wa watu waliomwona akila majani. Mwaka 1949 Dorothea Bate, mwanamke aliyeanza kufanya kazi katika jumba la historia ya viumbe la London akiwa msichana, alichunguza nyati wa pembe ndefu kutoka Singa, Sudan, akaunda jenasi mpya, Homoioceras, ili kuwatoa nyati hawa wa Afrika kwenye kundi la Asia. Baadaye Alan Gentry na mkewe Anthea, katika kazi yao kubwa ya mwaka 1978 juu ya Bovidae wa Olduvai, waliwasogeza tena. Nyati wa Algeria akawa Pelorovis antiquus, ndugu wa yule wa Olduvai. Pembe ndefu na pembe ndefu, nyumba moja.

Wako waliosema huyu antiquus ni nyati yuleyule tunayemwona leo Serengeti au Katavi, Syncerus caffer, na kwamba pembe zake ndefu zilikuwa mavazi ya zama nyingine. Richard Klein aliwajibu mwaka 1994: ni spishi iliyotoweka. Kusini mwa Afrika wanyama hao wawili wanapatikana pamoja katika tabaka moja. Wangekuwa spishi moja tungetarajia pembe za katikati, za wastani, na hatuzipati. Huko Klasies River, kwenye pwani ya Afrika Kusini, ncha ya jiwe ilikutwa imekwama katika pingili ya shingo ya mmoja wao, kwa hiyo watu waliishi naye na kumwinda. Kusini alitoweka mwishoni mwa zama za barafu, kaskazini mwa bara alidumu zaidi.

Swali la spishi likawa limejibiwa, la ukoo likabaki. Hapa inabidi nieleze kanuni moja, kwa sababu bila hiyo mabishano yote yanaonekana ni watu kubadilisha lebo kwa ajili ya kubadilisha. Kanuni hiyo iliwekwa wazi na Mjerumani Willi Hennig, aliyekuwa mtaalamu wa nzi. Kufanana hakutoshi. Lazima ujue kufanana huko kumetoka wapi. Wanyama wawili kuwa na pembe hakusemi kitu juu ya udugu wao wa karibu ikiwa babu wa familia nzima alikuwa nazo. Kuwa na pembe ndefu sana nako hakusemi kitu ikiwa urefu unaweza kuzuka mara nyingi, kila mahali pasipo na miti ya kuzuia kichwa kipana. Kinachofaa ni jambo jipya, lililozuka mara moja kwa babu mmoja na kurithiwa na watoto wake peke yao. Kulipata jambo la namna hiyo kwenye kisukuku chenye nyufa ni kazi ya kuchosha macho, na ukilipata huna hakika mpaka umelitafuta kwa wengine wote na kulikosa.

Mwaka 2007 Bienvenido Martínez-Navarro na wenzake walirudi kwenye mafuvu wakiwa na macho hayo, wakaivunja nyumba ya Pelorovis katikati. Antiquus, walisema, ni Syncerus: nyati wa Afrika mwenye pembe ndefu, binamu wa nyati wa leo. Lakini turkanensis na oldowayensis wako kwenye mstari mwingine, na mstari huo unaelekea kwa Bos, jenasi ya ng'ombe wenyewe. Hoja iliegemea umbo la fuvu pamoja na namna pembe zinavyokaa nyuma yake. Miaka michache baadaye wakatoa kutoka Buia, Eritrea, mnyama wa takriban miaka milioni moja iliyopita waliyemwita Bos buiaensis, wakimweka kama daraja kati ya wale wa Olduvai na ng'ombe mwitu Bos primigenius, babu wa ng'ombe wa kufugwa.

Ukizingatia nini kilikuwa kimesemwa mwaka 1928, safari hii ni ndefu. Kondoo wa kutisha anapendekezwa kuwa babu wa ng'ombe anayekamuliwa Arusha asubuhi.

Tazama pia sheria ya majina inavyofanya kazi hapa, maana ina ukali wake. Jina la jenasi linashikamana na spishi moja ya mfano, na kwa Pelorovis spishi hiyo ni oldowayensis. Akienda yeye, jina linaenda naye. Kwa hiyo antiquus akionekana si ndugu yake, hawezi kubaki na jina hilo hata kama kila mtu amelizoea. Na oldowayensis mwenyewe akithibitika kuwa Bos, jina Pelorovis linazama, kwa kuwa Bos ni la Linnaeus, la mwaka 1758, na la zamani hushinda. Lakini likibaki, litabaki na ukondoo wake wote. Sheria hairuhusu kulifuta jina kwa sababu limesema uongo juu ya mnyama. Wengi huona huo ni upuuzi. Mimi naona ni busara: kama kila kizazi cha wataalamu kingebadilisha majina ili yaafikiane na maoni yake, leo hakuna mtu angeweza kusoma taarifa ya Reck na kujua anazungumzia mfupa gani.

Si wote waliokubali pendekezo la 2007, na upinzani wao una uzito. Bos haisimami peke yake. Vipimo vya vinasaba vinaonyesha kuwa yak wa Tibet yuko karibu zaidi na bison wa Amerika kuliko na ng'ombe wa kawaida, kwa hiyo ukoo wa ng'ombe umefungamana na wanyama ambao historia yao iko Asia na kaskazini. Anayesema mstari wa ng'ombe ulitoka Olduvai ana wajibu wa kueleza bison na yak waliingia mlango gani, na lini. Mafuvu mawili yanaweza kufanana kwa sababu ya udugu, na yanaweza kufanana kwa sababu mnyama mzito mla nyasi mwenye pembe kubwa analazimika kujengwa kwa namna fulani. Hapo tumerudi kwenye swali la Hennig.

Msomaji atauliza kwa nini tusipime vinasaba vya mfupa wa Olduvai tumalize ubishi. Joto la nchi zetu halihifadhi vinasaba kwa miaka milioni. Protini hudumu zaidi. Mwaka 2015 protini ya kolajeni ilisaidia kumaliza mgogoro wa tangu enzi za Charles Darwin juu ya Toxodon na Macrauchenia, wanyama wenye kwato wa Amerika Kusini ambao Darwin alikusanya mifupa yao katika safari ya meli ya Beagle na Richard Owen akashindwa kuwapa ukoo wa hakika. Ilionekana kuwa jamaa zao wa karibu ni farasi, vifaru na tapiri. Mifupa hiyo ilikuwa ya juzi tu ukilinganisha na ya Olduvai, lakini mwaka 2025 watafiti waliripoti vipande vya protini kutoka ndani ya enameli ya meno ya Bonde la Turkana, mengine ya miaka hadi milioni 18. Kwa hiyo ni jino tena, safari hii likivunjwa badala ya kugeuzwa. Sidhani mwenye kalipa atakosa kazi siku enameli ya Olduvai itakapopimwa hivyo. Lazima kuwe na mtu wa kusema ni jino gani la kutoboa, la mnyama yupi, na jibu likija lina maana gani, na chembe za protini za kale ni chache kiasi kwamba mara nyingi hutofautisha familia kubwa na kushindwa kwa ndugu wa karibu, ambako ndiko ubishi wetu ulipo.

Kwa maoni yangu kesi ya nyati wa Algeria imekwisha. Yeye ni Syncerus antiquus, na anayeendelea kumwita Pelorovis anafuata mazoea. Ya mnyama wa Olduvai haijaisha. Kwamba ni wa Bovini, hilo halina mpinzani tangu Gentry. Kwamba ni babu wa ng'ombe, ushahidi wa mafuvu ni mzuri lakini bado haujawajibu bison na yak. Mpaka utakapowajibu nitaendelea kuandika Pelorovis oldowayensis, kondoo na yote.